Gole la Bibi Afya

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata hajabandika chai, msusi aliketi kwenye kiti cha wateja, akampakata kuku wake na kumpapasa chini ya shingo. Hapo ndipo lilipo gole, ule mfuko ambamo kuku huweka chakula kabla hakijateremka kwenye firigisi. Kuku aliyelala bila kula huamka gole likiwa tupu, limenywea kama soksi iliyovuliwa. La huyu lilikuwa limejaa, gumu, kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Mtama aliomwagiwa jana ulikuwa bado kwenye kibati. Kuku alinyoosha shingo mara mbili, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, kisha akafumba macho.

Kuku huyo aliitwa Bibi Afya kwa sababu ya usafi. Kutwa alizunguka chini ya viti vya saluni akidonoa nywele zilizoanguka, na jioni ilipofika sakafu ilikuwa haina hata unywele mmoja. Nywele za bandia alizipita kando. Alikula za watu tu. Msusi alijivunia sana jambo hilo, akiwaambia wateja kwamba yeye na fagio wana miaka sita hawajaonana. Hakuna aliyemkumbusha kwamba nywele hazisagiki. Yeye mwenyewe, aliyezibua sinki la kuoshea vichwa kila wiki kwa waya, ndiye angepaswa kujua kuliko wote, lakini mganga hajigangi.

Miaka hiyo sita ilianza siku mumewe alipohama. Aliondoka na kitanda, redio na jogoo. Kifaranga kimoja kilimponyoka, kikajificha ndani ya ile kofia kubwa ya kukaushia nywele, na hicho ndicho kilichobaki. Mumewe, msusi alimlilia wiki mbili, zikamtosha. Kuku huyu, alijua, angemlilia mwaka mzima, na hakuona haya kulisema mbele za watu.

Mama yake, aliyekaa chumba cha nyuma, alikuja akamtazama kuku kwa muda, akasema ugonjwa huo dawa yake ni sufuria na vitunguu viwili. Msusi hakucheka. Mama alipoona hakuna utani, akaenda kuchemsha maji.

Muuza dawa za mifugo wa mtaa wa pili alimsikiliza msusi mpaka mwisho, akamweleza kwamba magole ni ya aina mbili. Lile laini linalocheza kama maji na kunuka uchachu lina dawa dukani. Hili gumu halina dawa ila mikono. Asipewe nafaka wala majani. Apewe maji ya uvuguvugu na kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, kisha akandwe kwa vidole, taratibu, dakika tano, mara nne kwa siku. Na asije akapinduliwa kichwa chini miguu juu, maana maji yataingia kwenye pumzi na atafia mikononi. Msusi alirudi nyumbani moyo umetulia kidogo. Kukanda ndiyo kazi yake. Hapakuwa na kichwa mtaani ambacho hakijawahi kusinzia chini ya vidole vyake.

Siku ya kwanza nusura aharibu. Mkono, kwa mazoea, ulikwenda kwenye chupa ya mafuta ya nywele, na mama yake akaukamata hewani.

“Unataka aote singa?” mama aliuliza.

Akaleta ya jikoni.

Jumanne mchana Bibi Afya alikohoa, akatema donge la nywele lililoloa mafuta. Msusi alilichambua juu ya gazeti na kuwatambua wenyewe mmoja mmoja: mwalimu wa chekechea, karani wa posta, yule bibi mwenye mvi laini anayepaka hina. Gole likapungua kidogo, lakini kitu kigumu kilikuwa bado kipo chini.

Jumatano asubuhi, pembeni ya mdomo wa kuku, kilichomoza kichwa cha msuko. Ulikuwa msuko mweusi wa nyuzi tatu, umebana sawasawa, na ncha yake imefungwa kwa uzi mara nne, fundo ndani. Hivyo ndivyo alivyofunga msusi na si mwingine yeyote. Aliutambua mkono wake, ingawa hakukumbuka kusuka kitu ndani ya koo la kuku. Mama yake alisema nywele zikikaa pamoja muda mrefu bila kazi, zitatafuta la kufanya.

Alijaribu kuuvuta kwa vidole. Vidole vilikuwa vinene, msuko ulikuwa unateleza kwa mafuta, na kuku alilia sauti ambayo msusi hakutaka kuisikia tena. Hiyo ilikuwa siku ya tatu bila chakula. Kilemba cha nyama utosini mwa Bibi Afya, kilichokuwa chekundu, kilipauka kikawa rangi ya chai ya maziwa. Alhamisi asubuhi hakuweza kusimama. Ilihitajika zana nyembamba na mkono usiotetemeka, na mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo. Alikuwa fundi saa wa ng'ambo ya barabara.

Fundi saa alipendwa na wote. Aliongea kwa sauti ya chini, aliwapisha wazee kwenye foleni ya maji, na alifungua saa ya mtu kama anayefunua kitoto kichanga kilicholala. Mkewe alikuwa mteja wa msusi kila Ijumaa. Alikuja na nywele zake mwenyewe, zilizong'oka nyumbani, amezifunga kwenye leso, akaomba zirudishwe kwa kuunganishwa kwenye misuko ili mapengo yasionekane. Mara alisema ni maji ya bomba, mara joto, mara mawazo. Mabaki yalianguka chini na Bibi Afya akayala. Msusi aliyaamini maji ya bomba kwa mwaka mzima. Baadaye aliona kwamba nywele zinazotoka kwa maji hazitoki shada zima na mizizi yake. Lakini yule mwanamke alimwita dada, kwa hiyo mume akawa shemeji, na mtu hamhoji shemeji yake mambo ya chumbani. Alisuka, akafunika. Alikuwa hodari sana wa kufunika.

Mama alivuka barabara kwenda kumwita. Fundi saa hakuuliza maswali mengi. Alifunga kibanda, akaja na kioo chake cha kubana jichoni na kibano kirefu chembamba, na mkewe nyuma amebeba mkoba wa zana. Mke aliketi kwenye kiti cha wateja kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi.

“Mshike mabawa, shemeji,” fundi saa alisema. “Asiogope.”

Msusi akamshika. Fundi saa akapenyeza kibano, akaibana ncha ya msuko, akavuta kiasi cha kidole kimoja. Nyuma yake, mkewe alishika mikono ya kiti na kichwa chake kikalala upande wa kushoto. Fundi akavuta tena. Kichwa cha mkewe kikalala tena. Nywele zilikuwa zake na zilikuwa bado zinamuuma. Mama wa msusi, bila kuambiwa, alimletea maji ya kunywa na mto wa kuegemea, kama mtu anavyofanyiwa anapong'olewa jino.

Msuko ulitoka, ukaendelea kutoka. Fundi saa aliuzungusha kwenye kipande cha kadibodi, mzunguko juu ya mzunguko, usipindane. Ulioingia mwisho ulitangulia, kwa hiyo ulianza wa wiki iliyopita, nao ulikuwa wa maji ya bomba. Ukafuata wa mawazo. Ukafuata wa joto, sehemu ndefu, kwa kuwa joto mwaka huo lilidumu. Ukafuata uliopakwa rangi ya kahawia, wa wiki ya harusi ya mdogo wake, aliposema amejigonga kwenye kabati. Msusi alivikumbuka visingizio vyote kwa zamu. Hakujua kwamba alikuwa amevihifadhi.

Saa nzima ilipita. Gole lilikuwa linashuka chini ya kiganja chake, na kila liliposhuka moyo wake ulipanda. Hakuweza kuizuia furaha hiyo, na hakujaribu.

Fundi saa alisimama kidogo, akausogeza msuko karibu na kioo cha jichoni, akautazama kama anavyotazama springi iliyokatika.

“Hizi hazikukatwa,” alisema kwa sauti yake ya kazini. “Zimeng'olewa. Mizizi hii hapa.”

Mama wa msusi aliangalia dari. Mke wa fundi saa alikunywa maji, akaweka kikombe juu ya goti.

“Leo unavuta vizuri,” alisema.

Fundi saa hakugeuka. “Kuku ni kiumbe dhaifu,” alisema. “Ukimvuta kwa nguvu anakufa.”

Msusi alikuwa na la kusema. Lilikuwa limekamilika mdomoni, na mtu wa kuambiwa alikuwa mbele yake umbali wa mkono mmoja. Lakini kipande cha msuko kilikuwa bado kimo kooni mwa Bibi Afya, na kibano kilikuwa mkononi mwa shemeji. Alilimeza. Baadaye alijiambia kwamba alinyamaza kwa ajili ya kuku, na ilikuwa kweli, kwa siku hiyo.

Mwisho wa msuko ulitoka bila kelele. Bibi Afya alitikisa kichwa, kisha akajivuta mpaka kwenye bakuli, akanywa maji, akainua mdomo juu, akanywa tena. Gole lilijaa maji na mara likashuka, maji yakaenda yanakotakiwa. Msusi alimshukuru fundi saa kwa mikono yote miwili. Alimshukuru mara tatu, na zote alizitoa moyoni. Fundi saa akasema si kitu. Akamkabidhi mkewe ile kadibodi, akisema hizi nadhani ni zako, na mkewe akasema asante. Wakavuka barabara, mume mbele, mke nyuma na mkoba wa zana.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi msusi alimpakata kuku wake, akapapasa chini ya shingo. Palikuwa patupu. Ngozi ilikuwa laini na chini yake hapakuwa na kitu chochote, na msusi alilia kwa furaha mpaka mama yake akatoka chumbani kuuliza nani amekufa. Hakuna, alisema, hakuna aliyekufa. Walimlowekea mkate kwenye maji, mdogo tu, kwa kuwa tumbo lililofunga siku nne halishtukizwi, naye aliudonoa wote akatafuta mwingine. Kilemba kilianza kurudisha rangi. Mama akasema vitunguu vyake basi atavipikia kitu kingine, na siku hiyo msusi alicheka.

Habari zilienea mtaani kabla ya saa nne. Watu watatu waliwapeleka kuku wao kwenye kibanda cha saa, na mmoja akapeleka bata. Wanawake kwenye foleni ya maji walisema mwanamume mwenye mikono ya upole namna ile ni bahati ya mkewe. Msusi alikuwepo kwenye foleni hiyo, na ndoo yake. Alisema kuku anaendelea vizuri.

Alasiri alimfungia Bibi Afya uani, akanunua fagio. Mke wa fundi saa alikuja saa tisa kama kawaida, akakaa, akaitoa ile kadibodi kwenye mkoba. Msuko ulikuwa umeoshwa na kukaushwa, unang'aa. Msusi aliufungua wote, akaupima kwa mikono kuzunguka chumba, na ulizunguka mara mbili na nusu. Akapiga hesabu ya mapengo.

“Hizi zitafunika yote,” alisema. “Na zitabaki.”

“Zitatufikisha mwakani?”

“Hata mwaka wa pili.”

Mke wa fundi saa alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyepata gunia la unga kabla ya mvua. Alikuwa ameihofia sana siku ambayo hazitatosha. Alifungua kilemba chake, akaegemeza kichwa nyuma, na msusi akamuuliza waanzie wapi. Akamwonyesha nyuma ya sikio la kulia, palipokuwa papya, na msusi akaanzia hapo.