Sabini kwa Saa

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, nikihangaika na nati ya nne ya gurudumu la nyuma, shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, aliponizaba kofi la kisogoni.

"Mdogo wako anakufa, wewe unabadilisha matairi!"

Sikugeuka. Nati ilikuwa imeshika kutu, nami nilikuwa na mikono miwili tu. Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza ya zahanati, mdogo wangu alikuwa amelazwa juu ya benchi, mguu wake wa kulia umefungwa kwa vipande vya mbao toka pajani hadi kwenye kifundo. Hakuwa akilia. Alikuwa akinitazama.

Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha mbao, yeye kwenye msumeno, mimi kwenye pikapu iliyokwenda msituni na kurudi. Saa tatu asubuhi hiyo gogo lilikuwa limechoropoka kwenye mnyororo na kumlalia. Mganga wa zahanati alifunga alichoweza kufunga, akanivuta pembeni. "Mfikishe hospitali kubwa kabla ya saa tisa," alisema. "Damu haipiti vizuri. Ikizidi hapo, mguu sina hakika nao. Na yeye mwenyewe pia sina hakika naye."

Hospitali kubwa ilikuwa kilomita mia tatu na kumi kutoka pale. Ilikuwa wiki ya tatu vituo vyote vya mafuta vimefungwa kwa uhaba. Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa limeegeshwa uani, nyasi zikichungulia kati ya magurudumu yake. Tulikamua jenereta ya kiwanda, tukakamua na winchi ya kuvutia magogo, na kila tulichopata tukakimimina kwenye pikapu. Zikatimia lita ishirini na nane.

Nililijua gari lile kama mtu anavyoijua pumzi ya mkewe. Kwa ajili ya masika tulikuwa tumelivisha matairi mapana yenye meno marefu, ya kung'ata tope. Msituni matairi yale yalikuwa rehema. Kwenye lami yalinguruma kama mzinga wa nyuki na kunywa dizeli bila huruma. Kwa mwendo wa mia, na meno yale, lita moja isingenivusha kilomita nane. Lita ishirini na nane zingekwisha katikati ya nyika, pale ambapo mtu hukaa nusu siku bila kuona hata baiskeli. Stoo tulikuwa na matairi membamba ya lami. Nikiyafunga hayo, nikiyajaza upepo hadi yawe magumu kama jiwe, nikishusha kila kizito na nisipite sabini, ningefika na tone la mwisho.

Niliyafanya hayo yote. Yalinichukua dakika thelathini na tano.

Saa zile nne na nusu za barabarani sitazieleza zote. Mdogo wangu alilala nyuma kwenye godoro, chini ya turubai, mkewe amepakata kichwa chake, na kidirisha kati yetu kilikuwa wazi. Mshale wa spidi niliushika kwenye sabini kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Kwenye miteremko niliondoa mguu kabisa, gari lijiendee. Vioo vyangu nilivifunga ili upepo usinivute nyuma, jasho likanichuruzika hadi kwenye viatu.

"Shemeji, kanyaga!" alipiga kelele. "Barabara nyeupe, hakuna gari, kanyaga!"

"Tutaishiwa."

"Utajuaje kama hujajaribu?"

Mara moja tu nilimsikia mdogo wangu. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeuliza saa, "Kaka, ndiyo mwendo wako huo?"

Tuliingia getini saa tisa na dakika kumi, mshale wa mafuta umelala chini kabisa. Jioni daktari alitoka akifuta miwani yake kwa ncha ya koti. Alisema maisha yapo. Mguu wameukata juu ya goti. Kisha, kwa kuwa alikuwa mchovu na hakujua anaongea na nani, akaongeza: "Mngewahi hata saa moja, labda tungeuokoa."

Shemeji hakunitazama. Maneno yale aliyafunga kwenye ncha ya khanga na kwenda nayo nyumbani.

Miaka tisa tuliishi na saa ile moja. Mdogo wangu alipata mguu wa bandia, akarudi kiwandani, sasa akinoa misumeno. Alikuwa mtu wa utani hata hapo. Alisema siku hizi mbu wana nusu ya kazi. Tulikula sahani moja, tukazika wazazi pamoja, tukaoza watoto. Shemeji alinisalimia kwa midomo. Lakini hakuna aliyewahi kuitaja siku ile, na mimi sikuwahi kujitetea. Nani angetaka kusikia habari za matairi? Wakati mwingine, nikitia gia, nilijiuliza kama ule ulikuwa ujuzi au woga uliovaa nguo za ujuzi.

Asubuhi moja ya Jumapili mdogo wangu alinikuta naosha pikapu ile ile. Mwenye kiwanda alikuwa ameniachia ilipozeeka. Akaegemea bodi.

"Yale matairi ya meno, yapo bado?"

"Yapo mengine kama yale. Ya nini?"

"Tia lita ishirini na nane. Unipeleke hospitali kubwa kwa mwendo wa mia." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nimechoka kukisia, kaka."

Nilitaka kukataa. Badala yake nikaenda kuleta jeki.

Nilikausha tanki, nikapima lita kwa galoni mbele ya macho yake, nikafunga matairi mapana, na safari hii sikushusha kitu. Tulipoingia lami nikakanyaga hadi mia na kuiacha pale. Matairi yalinguruma kiasi kwamba tungetaka kuzungumza tungelazimika kupiga kelele. Yeye alikuwa ameketi mbele, kidole chake kwenye kioo cha mshale wa mafuta.

Gari lilikohoa mara mbili, likatetemeka, likanyamaza. Tulikuwa tumekwenda kilomita mia mbili na ishirini. Nililielekeza kwa usukani hadi kando ya barabara. Mbele nyika, nyuma nyika, lami imenyooka pande zote mbili.

Hakuteremka mara moja. Alitazama saa yake.

"Tungoje," alisema. "Tuone."

Tulingoja. Nilikuwa nimeiota saa hii kwa miaka tisa, nikidhani nitahisi mzigo ukinishuka mabegani. Sikuhisi chochote ila joto. Alishuka, akatembea hatua chache kwa ule mguu wake unaolia kidogo kwenye bawaba, akasimama akiwa amenipa mgongo. Mabega yake yalianza kutikisika. Nilimfuata, nisijue niweke wapi mikono.

"Nilikuwa na mtu wa kumlaumu," alisema. "Umeniacha bila mtu."

"Nisamehe," nikasema, ingawa hata mimi sikujua naomba msamaha wa nini.

Alinishika mkono kwenye kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto. Tukakaa kwenye kivuli chembamba cha gari, mabega yamegusana.

Zilipita saa mbili na dakika ishirini kabla ya lori la saruji kutokea. Na huo ulikuwa wakati ambao mafuta yamejaa kila kituo. Dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufi, alitupa lita kumi kutoka kwenye dumu lake. Akainama nami kutoa hewa iliyoingia kwenye pampu tanki lilipokauka, akitoa na mihadhara ya bure.

"Watu wazima wawili!" alisema, akitema mate pembeni. "Nyika kama hii mnaiingia hivi hivi? Hamkupiga hesabu?"

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akawahi.

"Kaka yangu alipiga," alisema. "Zamani. Alipiga sawasawa."