Rejeta ya Kompyuta ya Baba

Baba aliendesha malori miaka thelathini na mmoja, hadi kisukari kilipomchukua mguu wa kulia. Alirudi kutoka hospitali akakaa miezi mitano akitazama ukuta. Kaka yangu alipohamia mbali alimwachia kompyuta yake ya michezo na usukani wa kuchomeka, na Baba akaanza tena kuendesha, safari hii malori ya mchezoni. Kila asubuhi alivaa shati la kazi, akasogeza kiti chake cha magurudumu mezani, akapakia saruji ya kwenye kioo na kuondoka.

Taabu ilikuwa joto. Kadi ya picha, ile inayochora barabara na milima, ilipanda hadi nyuzi tisini. Feni zake zilivuma mpaka mimi, chumba cha pili kwenye cherehani yangu, nikawa sisikii wateja wakipiga hodi. Kisha siku moja mchezo ukazimika katikati ya mteremko.

"Imechemsha," Baba alisema kwa aibu. "Na mimi sijawahi kuchemsha gari la mtu."

Nikamwita fundi wa kompyuta, mama mmoja mfupi tuliyezoea kumwita Bisibisi. Alipuliza vumbi, akapaka upya ile dawa ya kupitisha joto. Zikashuka nyuzi nne tu.

"Hii inataka kupozwa kwa maji," alisema. "Ama ninunue pampu, mipira na tangi niunganishe mwenyewe. Inapoza sana, lakini kiungo kimoja kikivuja juu ya umeme, kwisha habari. Ama nilete iliyofungwa kiwandani. Hiyo haifunguliwi, pampu ikifa, unatupa yote."

"Na rejeta inakaa wapi?" Baba akauliza.

"Huku juu, na feni mbili za polepole."

Baba akacheka hadi akakohoa. "Kumbe ni lori tu! Lete iliyofungwa, mama. Nimeziba mipira ya maji kwa sabuni kando ya barabara vya kutosha."

Mimi nilikubali kwa sababu zangu: nilitaka utulivu ndani ya nyumba.

Bisibisi alipima matundu ya skrubu, akaleta iliyolingana, akaifunga Jumamosi adhuhuri. Alitandika karatasi nyeupe chini yake, akaacha pampu izunguke saa nzima. Halikudondoka hata tone. Baba akaondoka na shehena yake. Nyuzi hamsini na nane, na feni hazikusikika kabisa.

Ndipo nikasikia mluzi mwembamba, ukija na kwenda.

"Hiyo pampu inapiga mluzi," nikasema.

Bisibisi akatega sikio kwenye boksi. Alipoinuka alimtazama Baba. Mluzi ulitoka kifuani mwake, kila alipovuta pumzi.

"Baba, tangu lini?"

Hakuondoa macho barabarani. "Miezi mingi. Feni zilikuwa zinanisitiri. Ningekwambia, ungenirudisha kule walikonikata."

Nilimpeleka siku ileile, amenuna kama mtoto. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Moyo umechoka, akasema, mapafu yameingia maji. Kama angeletwa mapema... Tulirudi na mfuko wa vidonge.

Baba aliishi wiki tisa. Mikono ilipomwishia nguvu alinikabidhi usukani, mimi ambaye hata baiskeli sijawahi kuendesha, akawa ananielekeza kutoka kitandani, akipumzika kati ya neno na neno. "Punguza kabla ya kona, mwanangu. Si ndani ya kona."

Alasiri ya mwisho kulikuwa na mvua kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho.

"Tumefika?"

"Bado kilomita arobaini, Baba."

"Usikimbilie."

Nikaenda taratibu, magari yote yakanipita. Kwenye bohari nililirudisha lori kinyumenyume, likaingia moja kwa moja bila kugusa ukuta, kwa mara ya kwanza. Nikageuka anisifu. Ule mluzi wa kifuani ulikuwa umekoma.