Mkonga wa Tembo na Koti la Kinyozi

Nyumbani kwa binti yangu kuna sheria moja inayoshinda zote, na niliitunga mimi: kilicho mezani ni cha Mama, kilichoanguka sakafuni ni cha watoto. Binti yangu ni fundi cherehani na anashonea sebuleni, kwa hiyo bila sheria hiyo tungekuwa tunagombana kutwa. Vipande vya vitambaa vinavyodondoka chini ya meza vimeshakuwa mabawa, samaki, bendeji, na siku moja vilikuwa ndevu zangu.

Msimamizi wa sheria ni mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka mitano, tunayemwita Mkurugenzi. Mdogo wake wa miaka mitatu ni Kidole, kwa sababu kidole gumba hakimtoki mdomoni ila kwa chakula.

Siku hiyo binti yangu alikuwa anamalizia koti la kinyozi wa mtaani kwetu, aliyekuwa anaoa kesho yake. Miaka yote ameshona sare za shule na aproni. Koti la bwana harusi hajawahi kupewa.

"Likimkaa vizuri, Mama," aliniambia asubuhi, "kila atakayenyolewa pale ataambiwa nani alilishona. Likimkaa vibaya, vilevile."

Mchana akaupachika mkono wa kulia. Akageuka kuchukua wa kushoto. Haupo.

Tukatafuta chini ya cherehani, nyuma ya kochi, ndani ya kapu.

"Mama, inuka kidogo."

"Nimekalia nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwambia inuka."

Nilikuwa nimekalia mkasi, lakini hiyo ni habari nyingine. Nikamgeukia Mkurugenzi, aliyekuwa pembeni akimsuka mwanasesere wake.

"Hujaona mkono wa koti, mama?"

"Ule mkonga wa tembo?"

"Tembo gani tena?"

"Kidole. Ulikuwa sakafuni, Bibi. Na kilichoanguka ni cha nani?"

Binti yangu akafumba macho. Hakunilaumu, ingawa sheria ilikuwa yangu, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

"Na tembo yuko wapi?" nikauliza.

"Ameenda mtoni kunywa maji."

Mto, kwetu sisi, ni beseni la nguo kule uani. Asubuhi nilikuwa nimeroweka mapazia humo, kwa sabuni ya unga na bluu ya kufulia.

Tukatoka. Tembo alikuwa anakatiza ua kwa miguu minne, makalio juu, ameuma mkono wa koti kwa meno, nao unaning'inia karibu ufagie sakafu. Beseni lilikuwa mbele yake kabisa. Binti yangu alitaka kukimbia, nikamvuta gauni. Kidole ukimkimbiza naye hukimbia, na mbele yake palikuwa na mto tu. Magoti yangu mimi yalistaafu zamani. Nilichobaki nacho ni mdomo.

"Tembo," nikamwita, "umepimwa?"

Tembo akasimama.

"Mto huu hanywi tembo ambaye hajapimwa. Tutajuaje kama ataenea?"

"Kweli," Mkurugenzi akadakia nyuma yangu, maana cheo hakimpiti. "Mimi ndiye askari wa mto. Rudi ukapimwe."

Hakuna mtoto wa nyumba ile anayekataa kupimwa. Wanapenda futi inavyowatekenya. Tembo akageuka, akaingia ndani, nami nikampandisha mezani huku nikihema kama mvukuto. Binti yangu akampima masikio, akampima tumbo, akampima na mkia usiokuwepo. Kisha akauliza polepole, "Haya. Kilicho mezani ni cha nani?"

Mkurugenzi akakunja uso. Aliona alivyonaswa, lakini sheria ni sheria.

"Cha Mama," akasema. "Na Kidole naye ni wa Mama sasa. Si wangu tena."

"Alikuwa wako tangu lini?"

"Alianguka jana."

Hapo Kidole akafungua kinywa ili alie, na mama yake akaudaka mkono wa koti hewani. Meno hayakuwa yametoboa kitu. Ulilowa mate tu, kule juu panaposhonwa begani. Lakini tembo alilia hadi nikamhurumia. Bila mkonga atakunywaje?

"Hodi hapa," sauti ikasema. Kinyozi.

"Nani amemwonea mzee huyu?" akauliza alipomwona Kidole.

Kabla hatujamziba mdomo, Mkurugenzi akamweleza yote, pamoja na sheria. Binti yangu alisimama ameushika ule mkono uliolowa, anatazama chini.

Kinyozi akautazama mkono, akamtazama Kidole.

"Fundi, mshonee huyu kwanza," akasema. "Harusi yangu ni kesho. Mwenzangu ana kiu sasa hivi."

Akaketi. Binti yangu akashona mkonga wa kitambaa cha sare za shule, akauwekea utepe wa kufungia kisogoni, na tembo akatoka mbio. Ndipo fundi akaukausha mkono kwa pasi, akaupachika. Kinyozi akavaa koti, akajigeuza mbele ya kioo. Lilimkaa mabegani kana kwamba alizaliwa nalo.

"Huu wa kushoto ndio wenye nguvu," akasema. "Kila atakayekaa kwenye kiti changu atakuulizia, fundi. Jiandae."

Alipokuwa anatoka, kitana chekundu kikaanguka kutoka mfukoni mwake.

"Kitana chako," binti yangu akamwita.

"Si changu tena," akajibu bila kugeuka. "Kimeanguka."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na niliona vidole vyake vikikisukuma.

Mkurugenzi akakiokota, akakikagua. "Tembo hana nywele," akasema.

Kidole alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka mtoni, mkonga mpya umelowa bluu mpaka puani. Akainamisha kichwa, achanwe.