Mwenyekiti wa Karatasi
…na bado anatabasamu, Mchungaji Gratien, kidole chake kimekaa kwenye ukingo wa karatasi, hapa chini tu, dada Jerioth, kwenye mstari, kama mtu anayemwonyesha mtoto pa kuweka viatu, na kalamu ninayo, lakini amesema nini sasa hivi, jambo amelipenyeza katikati kama kidonge ndani ya ndizi, kwamba semina ya Jumamosi, semina ya wanawake, Masomo ya Uongozi kutoka kwa Wanawake wa Biblia, itafundishwa na ndugu Onésime… Onésime, mwanaume, atawafundisha wanawake arobaini jinsi mwanamke anavyoongoza, na atakayoyasoma ni maneno yangu, hatubadilishi hata nukta, dada, ni mazuri sana, ni mimbari tu, mimbari ina utaratibu wake, unaelewa, si ndiyo? Ninaelewa, miezi minne nimeyaandika ndani ya treni kutoka hapa Rissne hadi kazini, simu gotini, Debora asubuhi, Abigaili jioni, Hulda alinichukua wiki nzima, Hulda ambaye mfalme aliwatuma wakubwa wake, na kuhani miongoni mwao, wakamuulize habari ya kitabu kilichookotwa hekaluni, naye hakubabaika, aliwaambia kamwambieni huyo mtu aliyewatuma, mtu, hakuanza kwa kumwita mfalme, na jana Onésime ananipigia simu, dada, huyu Hulda ni Mswidi? maana kuna bibi mmoja Tensta, jirani yangu, anaitwa Hulda, nikacheka, mjinga mimi, nikamweleza yote kwa upole, nikadhani anauliza kwa kupenda Neno, kumbe alikuwa anajiandaa… Kommun, watu wa manispaa, wanaitaka fomu hii kesho asubuhi, dada, bila sahihi yako ukumbi wa mwakani umekwenda, na hapo hasemi uongo, kwa sababu mwenyekiti ni mimi, miaka mitatu sasa, tangu walipoambiwa kwamba kanisa likitaka ukumbi liwe chama, na chama kiwe na mwenyekiti, na mwenyekiti apokee simu kwa Kiswidi, wakatazamana wanaume sita, kisha wakanitazama mimi niliyekuwa nagawa sambusa, ni jina tu, dada, la kwenye karatasi, na Jumatano mkaguzi wa moto alipouliza nani anawajibika na mahali hapa, Mchungaji alinisukuma mbele kwa kiganja, huyu, huyu, ordförande, neno la mwenyekiti analitamka vizuri kuliko Kiswidi chake chote, mbele ya Waswidi mimi ni kiongozi, mbele ya ndugu zangu mimi ni wa kuazimwa maneno tu… Na Mama Vénantie je, nimemuuliza Mchungaji, alikuwa asome yeye, akasema, ah, Mama yetu atatusaidia jikoni, nani anapika kama yeye kwa watu wengi? Jikoni! Mama Vénantie anayesafisha madarasa Södertälje, niliyemwambia Mama, habari ya binti za Selofehadi utaisoma wewe, akasema mimi? na macho haya? na Kiswahili hiki cha kambini? kisha akanunua miwani, na wiki tatu sasa ananitumia sauti yake kwenye simu wakati wa mapumziko, Mala, Noa, Hogla, Milka, Tirsa, anawataja polepole, mmoja mmoja, nyuma yake ndoo inaburutwa, Tirsa anamrudia mara mbili kwa kumpenda, na sasa yuko pale kwenye meza ya chai, anacheka na mtu, hajui, nani atamwambia, mimi tena, kazi za kuwavunja watu moyo nazo ni za mwenyekiti… ningemmwagia chai hii, Mungu nisamehe, si ya moto tena lakini ingetosha… hata hivyo Inès hakuvunjwa moyo na Gratien, Gratien hakuwapo, ni mimi niliyemvunja, msichana huyo wa miaka kumi na tisa alinifuata hadi kituoni akaniuliza kwa Kiswidi, maana hasira yake haina Kiswahili, mbona hakuna mwanamke anayesimama pale mbele, nikamjibu subiri, mambo ya Mungu hayana haraka, nilisema hivyo, kwa sauti tamu, na tangu Pasaka hajakanyaga humu, na mimi nimeendelea kutia sahihi, nikifurahi, ndiyo, nikifurahi kuitwa… Dada, uko nasi? Niko, Mchungaji… nikitia sahihi nimekubali yote, Jumamosi ni ya Onésime, nisipotia watoto wanakosa pa kuabudu na itasemwa ni kiburi cha Jerioth, amenibana vizuri, hapa kwenye kona ya makoti, kwa sauti ya chini… kwa nini ya chini? Wale mabinti wa Selofehadi hawakumvuta Musa kando, walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu, mbele ya watu wote, wakasema baba yetu amekufa, tupeni sehemu yetu, na Musa, Musa mzima, ilibidi akamuulize Mungu, nimeyaandika mwenyewe, somo la tano, jambo la wote lisemwe mbele ya wote, nikaweka nukta nikapita, nikaenda kwa Lidia, kama vile nilikuwa nawaandikia wanawake wa mbali… na hawa hapa, hatua nane nyuma yangu, vikombe mkononi, hakuna aliyeulizwa, ukumbi ni wao, semina ni yao, na mimi nilikuwa tayari kuamua peke yangu, ndiyo au hapana, na mtu mmoja, kwenye makoti… Hapa chini tu, dada, anasema tena, kidole hakijasogea, mstari bado mweupe, na ni ajabu, simchukii kama dakika tano zilizopita, hasira ipo, yote, lakini imegeuka kichwa, haimtazami yeye, inawatazama wao, nami nawageukia wenye vikombe, natafuta tu neno la kwanza, liwe fupi, limfikie hata aliyekaa karibu na mlango, na lisiwe samahani.