Kiti Kinataka Kupumua

Jiwe la kaburi lilikuwa limelazwa chali juu ya magogo mawili, kama mgonjwa anayengoja daktari, na kifuani mwake paliandikwa kwa chaki: *Inuka mzee, kiti nacho kinataka kupumua.* Chiriku aliyasoma maneno hayo akiwa bado mlangoni, miwani ikiwa mkobani. Maneno mengine mtu huyasoma kwa tumbo.

Aliitwa Chiriku tangu usichana wake, alipokuwa mwitikiaji katika bendi ya Radi, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Sasa meno yalikuwa yamepungua. Maneno hayakupungua hata moja. Binti wa marehemu Radi alimpangusia kigoda vumbi jeupe lililotanda karakana nzima.

"Keti, shangazi. Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Nikae karibu na jiwe la kaburi? Huyu fundi asije akanipima bure."

"Kupima ni bure, mama," mchonga mawe akasema. "Kuchonga ndiko kwenye gharama."

Chiriku akacheka. Baba mdogo wa binti, mdogo wake Radi wa tumbo moja, hakucheka. Alikuwa ameegemea mkongojo wake, uso umekunjamana kama shati lililosahauliwa kwenye ndoo.

"Twende kwenye jambo," alisema. "Kaka yangu aliimba mazito. Aliwalilia wajane, aliwalilia wachimba migodi. Dhihaka haikuwa kazi yake. Na mimi nimeisikiliza ile kanda ya onyesho lake la mwisho, sauti inayosema maneno haya ni ya mwanamke."

"Labda alikuwa na mafua," Chiriku alisema.

"Mafua gani yanayomvika mtu gauni?"

Binti aliinua mkono kuwanyamazisha. Kando ya jiwe palikuwa na ndoo ya maji, na kitambaa kikining'inia ukingoni.

"Shangazi, wewe ulikuwa jukwaani. Vijana wanayaandika maneno haya kwenye kuta, wanatembea nayo barabarani mbele ya virungu, wanasema ni ya baba. Kama ni yake, yanachongwa leo. Kama si yake, nayafuta, tunaweka jina na tarehe, basi. Sitamlaza baba chini ya uongo."

Hapo Chiriku alitafuta mzaha, akakosa. Ilikuwa kama kupapasa mfukoni pale ulipoweka ufunguo na kukuta tundu.

Katika bendi ile palikuwa na desturi. Kila wimbo ulipokaribia mwisho, Radi alirudi nyuma kunywa maji, na waitikiaji wakaachiwa uwanja watupe maneno yoyote yaliyowajia: kumtania mpiga ngoma, kumsifu mwenye viatu vipya. "Mtie chumvi," Radi alikuwa akisema, "lakini msinimwagie chungu." Siku ya onyesho lile la mwisho ukumbi ulijaa hadi madirishani, na ukutani ilining'inia picha ya mkubwa wa nchi, amekaa kitini, ameshiba. Chiriku aliitazama. Hakufikiri, ulimi hauna mfupa. Aliyatupa yale maneno, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko ambacho hakupata kukisikia tena maishani mwake. Radi alipaliwa na maji, akacheka hadi akashika magoti.

Askari walipopanda jukwaani wakauliza ni nani mwenye maneno yale, Radi alijipangusa kidevu. "Nyimbo za bendi hii ni zangu zote," alijibu, "mpaka kikohozi." Wakaondoka naye. Chiriku alikuwa ameinama nyuma ya ngoma, anatafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni.

Radi alitoka gerezani na sauti imebaki huko. Alisema kwa mnong'ono, kama mtu anayeficha siri kwa watoto, na hakuimba tena. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ule haukuwa wa mwenzake. Ulikuwa wake yeye, na mwingine alikuwa ameubeba hadi ukamvunja. Mara nyingi Chiriku alikwenda kwake akiwa amejiandaa kusema. Radi alimkata kabla hajafika popote. "Usininyang'anye, Chiriku. Nimeyafungiwa, yamekuwa yangu." Naye alikubali haraka mno. Alirudi nyumbani mwepesi, na wepesi huo ndio uliomnyima usingizi.

Kulikuwa na jingine baya zaidi, asilouambia hata mto wake. Kila alipoyaona maneno yale ukutani, moyo wake ulichezacheza kama wa binti aliyesifiwa. *Yangu hayo.* Mwenzake amepoteza koo, naye anaona wivu wa sifa!

"Shangazi," binti alisema. "Ni yake au si yake?"

Angeweza kusema ni yake. Jiwe lingependeza, na marehemu angebebeshwa mara ya pili.

"Ni mimi," alisema. "Nilisema mimi. Alikuwa anakunywa maji."

Mchonga mawe aliweka patasi chini polepole. Baba mdogo alifumba macho. "Mdomo huponza kichwa," alisema, "lakini wewe, mdomo wako umeponza kichwa cha mwenzio."

"Kweli, kaka."

"Kwa nini hukusema siku ile?" binti aliuliza.

"Niliogopa, mwanangu." Hakuongeza kitu. Kwa mara ya kwanza maneno yalimtosha.

Binti alichovya kitambaa ndooni, akakikamua, akasimama juu ya jiwe. Matone yaliangukia pembeni mwa chaki. Alipokuwa mdogo alikuwa amezoea kuweka sikio lake mdomoni mwa baba yake ili amsikie akimtakia usiku mwema. Chiriku aliwahi kuyaona hayo, na akatoka nje. Sasa hakutoka.

"Baba alisema ni yake," binti alisema hatimaye. "Alisema mbele ya bunduki. Sitamkanusha mbele ya ndoo ya maji." Alikitupa kitambaa. "Chonga, fundi. Baba mdogo, una neno?"

Mzee alitikisa kichwa, hakumtazama mtu.

Chiriku alijizoazoa ainuke, akashika mkoba.

"Wewe kaa," binti alisema. Hakukaripia, ingekuwa afadhali angekaripia. "Utakaa hapa mpaka herufi ya mwisho."

Akakaa. Fundi aliweka ncha ya patasi kwenye herufi ya kwanza, akainua nyundo, akagonga. Chiriku alishtuka wima kigodani, kama mtu aliyesikia, baada ya miaka yote ile, mlango wake ukigongwa.