Tone la Kwanza la Mtoto wa Serwaa

Serwaa alikuwa ameinamia kikombe cha plastiki kwenye benchi la koridoni, akijikamua maziwa. Tangu mwanawe apasuliwe utumbo ulioziba, mtoto alikuwa hajaonja kitu. Aliishi kwa dripu, na mpira wa puani ukimtoa nyongo ya kijani. Kila akimaliza kukamua, Serwaa huwakabidhi manesi maziwa hayo mlangoni, nao humwambia yanawekwa kwenye friji kungoja ruhusa ya daktari.

Leo ruhusa ilitoka. Mpira ulikuwa umeanza kutoa maji meupe na mtoto amechafua nepi. "Mwanzisheni maziwa ya mama, kidogo kidogo," daktari alisema, akashika njia yake.

Mama mkwe wake, Dufie, naye alikuwa amefika kutoka Mampong na chupa ya maji na kichupa cha pombe kali ya jini. Ilikuwa siku ya nane tangu mtoto azaliwe, siku ya kumpa jina. Tone la kila kimoja lingewekwa ulimini, mtoto akue akisema kweli: maji ayaite maji, na pombe aiite pombe. Asiye na jina kwao ni mgeni tu. Akifa, hata matanga hawekewi.

"Bibi, pombe kwa mtoto aliyeshonwa tumbo?" Sista Boatemaa, mkuu wa wodi, alicheka. "Ninyi ndio mnaotuulia watoto."

"Tone moja tu, mwanangu."

"Hata la maji sitaki. Rudisha kwenye mkoba."

Dufie akarudisha. Serwaa akauliza kama mtoto ameshapewa maziwa.

"Kesho. Leo tunaendelea na dripu."

"Kesho kwa nini, Sista?"

Boatemaa alijishughulisha na glavu zake. Nesi mdogo nyuma yake ndiye aliyejibu, macho chini: "Friji lilikufa siku nyingi, dada. Maziwa tunayamwaga kwenye sinki."

Serwaa alikuwa amejilazimisha supu ya karanga bila hamu, amejikamua mpaka chuchu zimechubuka, kumbe analisha sinki. Kisha hasira ikampanda.

"Haya hapa mengine. Bado yana joto la mwili wangu."

"Akina mama wanaingia saa kumi tu, na ya leo imepita. Utaratibu ni utaratibu."

Serwaa akampita begani, kikombe mkononi, akaenda kuketi sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, akakumbatia mguu wa kitanda.

"Mwite mlinzi anibebe," alisema. "Lakini anibebe na kitanda."

Mlinzi aliitwa. Alimtazama yule mama chini, akamtazama Sista, akasema mgongo unamuuma.

Nesi mdogo akanawa mikono, akavuta maziwa kidogo kwa bomba la sindano, akayapitisha mpirani. Tone lililobaki akalidondoshea ulimini. Mtoto akamumunya.

Dufie aliona yote kutoka mlangoni, alikozuiwa.

"Antwi," alimwita mjukuu wake kwa jina lake jipya, kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "umekuja, basi kaa. Ukisema ni maziwa, yawe maziwa." Kisha akamgeukia Boatemaa. "Na friji likifa, sema limekufa."