Kitabu Kisicho na Orodha ya Majina

Watu wa siasa wa Oslo hawasomi kitabu cha mwenzao kuanzia mwanzo. Wanakifungua nyuma, kwenye orodha ya majina, wanajitafuta, wanasoma walipotajwa, kisha wanakirudisha rafuni na kwenda kutangaza kwamba ni kitabu kizuri sana. Torunn Hovde alifanya vivyo hivyo dukani Jumamosi asubuhi, hata glavu hajavua, na moyo ukampasuka paa. Orodha haikuwepo. Ikabidi anunue.

Kitabu chenyewe, *Utii na Dhamiri*, kiliandikwa na Eivind Brekkhus, aliyekuwa naibu waziri wa uchukuzi wakati Torunn akiwa mshauri wake. Wahandisi walipoleta onyo kwamba paa la handaki la Skarvdal limeanza kulegea, wawili hao walikuwa peke yao ofisini. Torunn ndiye aliyesema lisimfikie waziri mpaka uchaguzi upite. Eivind alinyamaza, akalitia kwenye droo. Mawe yakaporomoka, dereva wa lori akakatwa mguu, na waziri akasimama bungeni kuapa kwamba hakuonywa. Wala hakusema uongo, maskini.

Na sasa Jumatatu chama kilikuwa kinakutana kumteua Torunn kugombea ubunge.

"Mheshimiwa kajiona?" aliuliza mumewe, Sverre, akimimina uji wa ngano kwenye chuma cha kuokea vitumbua vyao vya Jumamosi.

"Hajaweka majina, mshenzi yule. Anataka tukisome chote."

"Si ndiyo kazi ya kitabu?"

"Sverre, usinichokoze."

Alikaa mezani na kuanza kurukaruka kurasa, kila sentensi akiitilia shaka. Katikati akalikuta jina lake. *Torunn alikuwa mwerevu kuliko sisi sote.*

"Mwerevu! Unaona anavyonizunguka?"

"Kakusifu, mama."

"Eivind hasifu mtu bure. Namjua mimi."

Akaruka tena hadi sura ya handaki. Iliishia hivi: *Katika ofisi ile kulikuwa na mtu aliyejua, akanyamaza.* Huyo mtu si yeye? Ukurasa unaofuata atatajwa, na Jumatatu atakuwa kichekesho cha nchi nzima. Akakifunga kitabu kwa hasira na kuichukua simu.

"Unampigia nani?" aliuliza Sverre.

"Ylva wa gazetini. Eivind akiniwahi nimekwisha, bora nimwahi mimi."

"Malizia kusoma kwanza, wewe!"

Ylva alikuwa ameshapokea.

"Ni kuhusu Skarvdal," alisema Torunn. "Eivind ndiye aliyeficha lile onyo. Alisema lisimfikie waziri mpaka uchaguzi upite. Nilikuwepo mle ofisini, Ylva. Nilimsikia kwa masikio yangu."

Upande wa pili Ylva alisikika akifunua kurasa.

"Torunn, kitabu umekimaliza?"

"Nimesoma cha kutosha."

"Sura ya mwisho anakiri. Yule mtu aliyenyamaza ni yeye mwenyewe. Anasema onyo lilimkuta peke yake ofisini, akalificha, na hakuna mwingine aliyewahi kuliona. Wala hamtaji mtu."

Torunn alikivuta kitabu, akafunua mwisho, akasoma mistari hiyo kwa macho yake. Aibu ikampanda hadi masikioni. Eivind alikuwa ameubeba mzigo wote kichwani mwake ili yeye apite mikono mitupu, naye kamshtaki gazetini kabla kahawa haijapoa. Alitamani kulia. Sverre alikuwa amesimama na mwiko mkononi, na kitumbua kilikuwa kinaungua.

"Torunn?" Sauti ya Ylva ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha. "Hao wahandisi niliwahi kuwauliza, wakaniambia mlikuwa wawili. Sikuwa na wa kunithibitishia. Sasa hilo onyo ulilijuaje, mama, kama hukuwepo, anavyosema Eivind? Na kama ulikuwepo, wewe ulisema nini?"